Mwalimu Egashira Haanguki Bure

Tarehe 31 Machi mwaka huu wa 2009, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kutupwa chini kwa mshahara, Mwalimu Egashira Katsumi anastaafu kutoka Dojo ya Horiwari, nyumba yetu ya judo, na zahanati yake ya kuunga mifupa hapa Yanagawa. Aliajiriwa Aprili 1968 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, masikio bado yamesimama vizuri. Anatoka akiwa na miaka sitini, kitambi kidogo, na masikio yaliyokunjamana kama maandazi yaliyokaliwa.

Kamati imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu, eti, hakuna aliyekaa naye ofisini muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli. Mimi ndiye Matsufuji Hisae wa mapokezi, yule anayepika chai na kuwafokea wanaoingia na viatu. Mkekani sijawahi kupanda hata siku moja, ila macho ninayo. Kamati iliniomba pia nisiguse habari za Januari mwaka jana. Nimezigusa. Mwalimu Mkuu mwenyewe amenipa ruhusa, na asiyetaka kuzisoma afungue ukurasa wa nyuma, kuna orodha ya vyakula.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wa nje huuliza. Asubuhi Mwalimu Egashira alikuwa zahanati, akirudisha mabega yaliyochomoka na kufunga vifundo vya miguu. Jioni alikuwa mkekani. Lakini kilichomfanya ajulikane Kyushu nzima si kuunga wala kufundisha, ni kuanguka. Kwenye maonyesho ya judo huwa kuna watu wawili, mmoja anatupa na mwingine anatupwa, na huyu wa pili tunamwita mpokeaji. Sifa zote huenda kwa anayetupa. Gazetini anatokea uso wake, na wa mpokeaji zinatokea nyayo. Nyayo za Mwalimu Egashira zimetoka gazetini mara nyingi sana. Uso wake umetoka mara moja tu, tena wakati wa mafuriko.

Usidhani ni kazi rahisi. Mpokeaji mbaya ni wa aina mbili. Kuna anayejikaza kama gogo, huyo anaharibu kazi ya mwenzake na kuvunjika mbavu zake mwenyewe. Na kuna anayeruka kabla hajaguswa, huyo anapendeza machoni lakini ni mwongo. Mwalimu Egashira hakuwa wa huku wala wa kule. Alikuwa analegeza mwili, anakuja unapomvuta, anakwenda unapomsukuma, na ukiivunja mizani yake anapaa kama shuka linalokung'utwa. Usipoivunja, anabaki amesimama hapo hapo na kukuangalia kwa heshima zote. Mabingwa wazima wameaibika mbele yake kwa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kumchukia, kwa sababu baada ya mazoezi alikuwa akiwaonyesha kosa lilikuwa wapi.

Alianzaje? Mwaka 1964 Olimpiki zilipokuja Tokyo, na judo ikaingia kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa anaosha masanduku ya mvuke katika duka la mjomba wake la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mtaa mzima ulijazana pale mbele ya televisheni. Mholanzi mmoja mrefu akamlalia bingwa wetu mpaka muda ukaisha, na duka zima likalia. Mjomba mtu alizima jiko, akasema leo hakuna kula. Lakini Katsumi aliona kitu kingine. Mashabiki wa yule Mholanzi walitaka kurukia mkekani kushangilia, naye akawanyoshea mkono wasije, kwa heshima ya aliyeshindwa. Kesho yake kijana alikuwa mlangoni kwetu, ananuka mikunga, anataka kufundishwa.

Mwalimu Mkuu wetu, Koga Tetsunosuke, ambaye baba yake ndiye aliyeijenga dojo hii, alimpokea na kumwambia aanguke. Basi, ndilo likawa darasa. Aanguke nyuma, aanguke ubavu, aanguke mbele kwa kujiviringisha, mkono ukiupiga mkeka ili ardhi isiupige mwili. Majira yote ya baridi hakugusa koti la mtu. Wenzake wakafundishwa mitupo ya bega na ya nyonga, yeye anaanguka tu. Siku moja akauliza kwa adabu lini ataanza judo. Mzee Koga akamjibu kwamba alishaanza siku ile ya kwanza, na wenzake ndio bado.

Visa vyake viko vingi na vingine haviandikiki. Kile cha mfereji lazima nikisimulie. Ilikuwa mazoezi ya joto la Agosti, milango ya upande wa maji imefunguliwa yote ili watu wapumue. Mtoto mmoja wa wavuvi, mwili kama ghala, akaamua kumjaribu kwa ule mtupo wa kujilaza chali, unamwekea mtu mguu tumboni na kumrusha kwa juu. Akamrusha kweli. Mwalimu Egashira alipita juu ya mikeka, akapita juu ya baraza, chubwi mferejini, mbele ya mashua iliyojaa watalii wa kutoka Osaka. Na akiwa hewani bado alinyosha mkono, akayapiga maji vizuri kabisa jinsi inavyotakiwa. Watalii wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya safari. Kesho yake mwenye mashua alikuja ofisini kwangu kuuliza huwa anaanguka saa ngapi, ili apange ratiba.

Wazazi wengi waliomo humu leo walipita mikononi mwake wakiwa watoto, kwa hiyo mnayakumbuka yale masimulizi yake ya Jumamosi. Watoto walikaa chini, mikono magotini, naye anawapeleka Tokyo ya zamani. Anawaambia habari za mwanafunzi mmoja wa mwili mdogo aliyechoka kuonewa na wakubwa, akawatafuta walimu wazee wa mieleka ya enzi za samurai, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa imeshaitupa elimu hiyo jalalani na wengi wa walimu wenyewe wanaishi kwa kuunga mifupa. Mwaka 1882 akaanzisha judo, akafungua shule kwenye pembe ya hekalu, mikeka kumi na miwili tu. Wakitupana huko, vigae vya paa vinatikisika na vibao vya majina ya marehemu vinadondoka madhabahuni, mpaka mtawa mkuu anakuja juu. Hapo watoto walikuwa wanajidondosha wote kwa pamoja kuigiza vile vibao, na mimi ofisini chai inamwagika.

Aliwasimulia pia habari za kijana mfupi wa Aizu ambaye nyayo zake ziling'ang'ania sakafu, na mtupo wake uliopewa jina la dhoruba ya mlimani, ambao walimu hadi leo wanabishana ulikuwaje hasa. Na yule mwingine mkubwa waliyemwita Zimwi. Lakini kisa alichokipenda mwenyewe ni cha mwanzilishi na mwalimu wake wa mwisho. Kwa miaka mwalimu huyo alimtupa mwanafunzi kama apendavyo. Kisha, jinsi inavyosimuliwa, mwanafunzi akagundua kwamba mtu lazima atolewe kwenye mizani yake kwanza, ndipo atupwe. Siku hiyo akamtupa mwalimu, akamtupa tena, na tena. Mwalimu akauliza imekuwaje, akaelezwa, akasema ni kweli, basi mimi sina tena la kukufundisha. Watoto walitaka kujua kama mwalimu alikasirika. Mwalimu Egashira aliwajibu kwamba hapana, alifurahi, kwa sababu alijua ameangushwa kweli.

Mengine nitayapitia haraka. Ndiye aliyeanzisha darasa la wazee wa mtaa la kujifunza kuanguka, ambalo lilichekwa sana mpaka Bibi Nomaguchi wa duka la tofu, mwenye miaka themanini na ushee, alipotupwa na baiskeli yake barabarani, akajiviringisha, akainuka, akaendelea na safari ya kwenda sokoni. Tangu hapo darasa halina nafasi. Mwaka 1975 alimwoa Bi Sumie, na washenga walikuwa Mzee Koga na mkewe, marehemu Mama Mitsue. Hana baba tangu utotoni, Egashira. Mzee Koga ndiye aliyemlea, akamfundisha kazi yake ya kuunga mifupa, akamwozesha. Hilo mlishike, maana sasa tunaingia Januari.

Mama Mitsue alifariki mwishoni mwa 2003. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mwalimu Egashira akapelekwa tawi la bandarini, kuunga mifupa ya wavuvi na kufundisha watoto wao, kwa hiyo yaliyotokea huku hakuyaona. Mzee Koga alikuwa amekaa tu barazani, anayatazama maji. Chakula hali. Nilimpelekea supu, nilimpelekea wali uliomwagiwa chai, vyote vinarudi vilivyo. Tukaanza kunong'onezana kwamba hafiki kiangazi.

Hapo ndipo Yasutake Noboru, mkubwa wa wasaidizi wetu na mtu mwenye moyo laini kuliko wote ninaowajua, alipomshawishi apande mkekani ajinyoshe kidogo. Mzee alimshika koti kwa mazoea tu, bila hata kufikiri. Yasutake akajitupa chini, pwaa! Ule uso wa mzee ungeuona! Ulifunguka kama dirisha. Jioni ile alikula sanduku zima la mkunga akaomba kachumbari zaidi.

Kesho yake msaidizi mwingine naye akaanguka. Kesho kutwa mwingine. Ikawa desturi ya nyumba, na mwanafunzi mpya aliijua kabla ya kujua kufunga mkanda wake. Mzee akikunja tu kidole kwenye mkono wa koti, kijana kashapaa. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa miaka minne, kila mtu kwa mapenzi, na mzee akanenepa, akacheka, akarudi kuwa mtu. Shida ni kwamba akaamini. Akaanza kueleza kwamba amefika mahali ambapo nguvu hazihitajiki kabisa, kwamba sasa anatupa kwa pumzi. Mwandishi wa habari akaja, akaona vijana wanaruka kama chapati, akaandika ukurasa mzima juu ya mzee wa miaka themanini na saba anayetupa watu kwa vidole viwili.

Na wakubwa wa judo kule Fukuoka wakausoma. Wakamwalika kwenye mkusanyiko wa majira ya kuchipua, dojo zote za Kyushu, ili amtupe kijana mmoja wa chuo kikuu, mzito wa kilo mia na kitu. Mzee alikubali siku hiyo hiyo. Akaniagiza niwaandikie kwamba huyo kijana aje kwa nguvu zake zote, asimhurumie.

Siku nilipoipeleka barua hiyo posta ndiyo siku Mwalimu Egashira aliporudi kutoka bandarini. Alikuta ofisi imejaa wasaidizi roho juu. Yasutake alishaamua: tumpigie simu yule kijana wa chuo, tumpelekee keki na chupa nzuri ya sake, tumwombe aanguke. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Mwalimu Egashira alisikiliza habari yote, toka baraza na supu zilizorudi mpaka gazeti, akamaliza chai yake.

"Bi Matsufuji," akasema, "iweke hiyo simu."

Yasutake alimgeukia. Sijawahi kumsikia akimpandishia mkubwa wake sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Wewe hukuwepo, Mwalimu. Hukumwona alivyokuwa. Ukimwambia ukweli, utamuua."

"Simwambii neno lolote," Mwalimu Egashira akajibu, akaenda kuosha kikombe chake.

Januari tunafungua mwaka kama kila dojo. Keki ngumu ya mchele inavunjwa kwa nyundo ya mbao, inapikwa kwenye uji mtamu wa maharage mekundu, na kabla ya kula wakubwa wanaonyesha mitupo. Mwaka jana ukumbi ulifurika, maana mzee alikuwa ametimiza miaka themanini na minane, umri wenye sherehe yake. Alitoka na mkanda wake mwekundu, mgongo umenyooka, anatabasamu. Na aliyepanda kuwa mpokeaji wake alikuwa Mwalimu Egashira, aliyeomba nafasi hiyo mwenyewe. Wasaidizi walishusha pumzi. Walidhani naye amekubali.

Wakainamiana. Mzee akamshika mkono wa koti na ukosi, akarudi nyuma hatua moja na kuvuta, ule mtupo wa kwanza kabisa katika mpangilio wa maonyesho. Mwalimu Egashira akaja mbele hatua moja, kwa upole, akasimama.

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni utani wa sherehe. Mzee akavuta tena. Egashira akaja tena, akasimama. Mzee akahamia upande wa kushoto, akavuta kwa nguvu zote alizonazo, mpaka mshipa wa shingo ukatokeza. Mtu kasimama tu, mikono imelegea, macho chini. Kicheko kikafa.

"Katsumi," mzee akasema polepole, "goti linakusumbua?"

"Goti zima, Mwalimu. Bado hujaivunja mizani yangu."

Nilisikia uji unaungua jikoni na sikuweza kunyanyua mguu. Mzee aligeuza shingo, akawatazama wasaidizi wake waliopiga magoti mstari mmoja, kila mmoja akitafuta kitu kwenye mkeka. Akamwita Yasutake. Akamshika mkono wa koti kwa vidole viwili. Yasutake mwili wake ulishazoea, masikini. Ulianza kwenda wenyewe, mguu mmoja ukawa juu, kisha akajizuia katikati, akabaki anayumba kama kuku anayelala kwa mguu mmoja. Halafu akapiga magoti, akaweka paji la uso chini.

"Tangu lini?" mzee akamuuliza.

"Tangu Mama alipotuacha."

Mzee Koga alimwinamia Mwalimu Egashira, mwinamo kamili, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni.

Siku zilizofuata nisingependa zirudi. Mzee alijifungia ndani. Bi Sumie hakusema na mumewe, alimpikia na kumgeuzia mgongo. Wasaidizi walimpita Egashira kwenye korido kama nguzo. Na mimi, nisifiche, nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia kwamba mtu aliyemlea amemvua nguo mbele ya meya na wazazi, na kwa faida gani? Aliosha kikombe chake, akakiosha tena, na tena. Ndipo nikaona kwamba anaogopa kuliko sisi sote. Kila alfajiri ya mazoezi ya baridi alikuja mapema, akafagia mikeka yote, akasimama katikati, peke yake, akimsubiri mtu ambaye hakuna aliyejua kama atakuja.

Akaja. Asubuhi moja ya barafu mlango wa pembeni ukafunguka, mzee akaingia na soksi nene za sufu, akazivua, akapanda mkekani. Hakusalimia. Akamshika koti na kumwambia asimame kama anavyosimama. Wakaanza. Akavuta, akasukuma, akajaribu mtupo wa bega, akajaribu wa nyonga. Hola. Wakainamiana, akaondoka. Kesho yake akarudi.

Baada ya siku chache aliiacha mitupo mikubwa yote. Mikono haikuwa nayo tena, akakubali. Akachagua kufagia mguu, ule mtupo ambao kila mtoto anadhani anaujua. Unamngoja mtu apige hatua, na mguu wake unapokaribia kuubeba mwili, kabla haujaubeba, unaufagia. Ukiwahi, unafagia hewa. Ukichelewa, unapiga nguzo teke. Kati ya hapo kuna upenyo mdogo sana, na upenyo huo hauulizi umri wa mtu.

Jamani, zogo lililokuwa pale asubuhi! Mwalimu Egashira alikuwa anamwambia amechelewa. Mzee anamjibu anajua amechelewa, hahitaji kuambiwa. Egashira anasema basi awahi. Mzee anasema yeye alikuwa anafagia miguu ya watu Egashira akiwa bado ananuka mikunga. Walizozana kama wakwe, na wasaidizi waliokuja kwa woga wakaanza kuja kwa ajili ya kusikiliza. Na mzee alikula! Kwa hasira, lakini alikula. Alimaliza wali, akamaliza samaki, akaniuliza mbona sahani za nyumba hii ni ndogo. Yale tuliyoyapata kwa kumdanganya, kumbe hasira ingeyaleta vile vile.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, nami nilikuwa nimeleta chai. Mwalimu Egashira aligeuza kichwa kuniambia nisiweke sinia karibu na mkeka, huku anapiga hatua. Mzee akamfagia.

Mnaomjua mnajua anavyoanguka. Sasa siku hiyo alianguka kama gunia la mchele lililodondoka kutoka kwenye lori. Hakujiviringisha, hakupiga mkeka, mkono wake mwenyewe ulikuwa chini ya kifua. Tulisikia mfupa, ka! Mtu aliyefundisha mji mzima kuanguka, hata Bibi Nomaguchi, alikuwa amelala pale vibaya kuliko mtoto wa siku ya kwanza.

Mzee alisimama mdomo wazi, mguu wake bado uko pale ulipofagia. Na tukasikia kicheko. Mwalimu Egashira alikuwa kijivu usoni kwa maumivu, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, anacheka.

"Hiyo ndiyo yenyewe, Mwalimu," akasema.

Mzee akapiga magoti, akampapasa bega kwa vidole vyake vya kazi. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, umevunjika. "Ndivyo nilivyokufundisha kuanguka, mpumbavu wewe?" akamfokea. "Ndivyo nilivyokufundisha?" Halafu akalia, na Yasutake akalia, na mimi sinia likaniponyoka. Mzee aliuunga mfupa ule mwenyewe, hakutaka mtu mwingine auguse. Na wakati anafunga kitambaa nikaelewa, mimi nisiyejua judo. Anayekuangukia kwa huruma huanguka vizuri, maana amejiandaa. Huyu hakuwa amejiandaa.

Fukuoka mzee alikwenda. Kwanza aliwapigia simu mwenyewe, akawaambia yaliyoandikwa gazetini si kweli, kama bado wanamtaka atakuja kufundisha kufagia mguu. Walimtaka. Akamshika yule kijana mzito mbele ya ukumbi mzima, akakosa, akacheka, akaeleza amekosea wapi, akakosa tena. Mara moja tu alimyumbisha. Hakumwangusha hata kidogo. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na Mwalimu Egashira, bandeji kifuani, alikuwa anapiga paja lake kwa mkono ule mmoja mzima.

Tangu hapo hapa kwetu hakuna anayeanguka bila kuangushwa. Yasutake ndiye anayerithi darasa la kuanguka kuanzia Aprili, na ameshaanza kuwasumbua watoto vizuri tu. Mwalimu Egashira anasema atalima vitunguu na kulala mchana. Bi Sumie anasema tutaona.

Mfupa ule ulipona ukiwa umenyanyuka kidogo, kwa hiyo koti lake la judo sasa linakaa upande upande begani kushoto. Leo mkimwona mkewe ananyosha mkono kulinyoosha, naomba mmzuie. Liacheni hivyo hivyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi, wazazi, wagonjwa aliowarudishia mabega na wazee aliowafundisha kudondoka salama, tunakushukuru, Mwalimu Egashira, kwa kazi yote na hasa kwa Januari ile ambayo sote tulikununia. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, vitunguu vinene na miaka mingi na Bi Sumie.

Baada ya chai, Mwalimu Mkuu Koga, mwenye miaka themanini na tisa, na Mwalimu Egashira watapanda mkekani kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa wetu. Nimewauliza wote wawili kitakachotokea, na hakuna anayejua. Wageni wanaombwa wasipige makofi mapema. Kama Mwalimu Egashira atabaki amesimama, mwacheni asimame, na mumpigie makofi Mzee Koga.

Matsufuji Hisae, Mapokezi